Dawa Isigande

Fangasi! "Fangasi mimi naijua ya miguuni," nikamwambia Daktari Idman, "si ya damu ya mtoto mchanga!" Mjukuu wangu alikuwa kwenye kile kisanduku cha joto, kazaliwa kabla ya wakati, mdogo kama pakiti ya sukari, mipira puani. Binti yangu Filsan ameegemea ukuta, hata machozi yamemwishia.

"Imeingia kwenye damu, ayeeyo," daktari akasema, akiniita bibi kwa Kisomali chetu. "Na imekuwa sugu, dawa tuliyompa haiiwezi tena. Majibu ya maabara yametoka asubuhi hii. Iko dawa nyingine itakayoiweza, ila hapa kwetu imekwisha. Nairobi ipo, lakini lazima isafiri kwenye baridi, na gari letu litaenda kesho. Mtoto huyu asipoipata leo, naogopa."

Baridi? Wallahi, si ndiyo kazi yangu hiyo! Mimi Bilan nauza maziwa ya ngamia. Kila siku natuma mitungi Islii, Nairobi, kwa basi, imezungukwa na barafu, na jua la Garissa halijanichachishia hata kikombe. Daktari akapigia duka la dawa la huko, mimi nikampigia Maka anayenipokelea maziwa.

"Maka, abaayo, dada yangu, acha yote! Ichukue dawa, ifunge vizuri, mpe Abdiwali, kondakta wa basi la saa nne!"

Maka hana mchezo. Basi likaondoka, dawa imo. Nikarudi wodini natamba kama bibi harusi. "Inakuja, daktari! Juu barafu, chini barafu, kama maziwa yenyewe!"

Daktari Idman akasimama ghafla. "Imegusana na barafu? Ayeeyo, dawa hii ikiganda imekufa. Hata ikiyeyuka baadaye haifai kitu, na kwa macho hutajua."

Ya Rabbi! Maziwa yakiganda kwa baridi njiani sisi hufurahi! Nikampigia Abdiwali. Hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Filsan akanishika mkono, kucha zinaniingia. "Hooyo, piga." Nikapiga mpaka simu ikawa moto shavuni.

"Mama Bilan? Ndiyo kwanza tunapita Thika, kuna nini?"

"Fungua kasha! Toa dawa kwenye barafu sasa hivi!"

"Mama, abiria wananitazama."

"Wakutazame, kwani wewe ni mchumba wao? Fungua!"

Nikamsikia akihema, kasha likikwaruza. Daktari akaninyang'anya simu. "Kiinamishe kichupa polepole. Maji yake yanatembea?"

Filsan akafumba macho.

"Yanatembea, daktari. Yanatembea vizuri!"

"Hakuna vipande?"

"Hakuna hata kimoja."

"Basi haijaganda, maana ndani ya barafu isingeyeyuka. Izungushie nguo, uirudishe ndani, isiguse barafu tena."

Nilisubiri stendi nikitembea huku na huku, kila basi likitokea upande wa darajani narukaruka, watu wananicheka. Wacheke! Abdiwali alishuka kifua wazi, dawa ameifunga kwa shati lake mwenyewe. Nilimbusu kipaji cha uso mbele ya stendi nzima, na jioni ile ile dawa ikawa inaingia mwilini kwa mtoto, tone kwa tone.

Hakupona kwa siku moja. Alichomwa sindano, akapimwa, akachomwa tena, na mimi nikachoka na kusema Inshallah. Ila leo asubuhi daktari ametuita, meno yote nje. "Damu ni safi. Haina fangasi." Filsan akafungua kifua, akawekewa mwanawe, ngozi kwa ngozi. Basi sijui nilipatwa na nini, vigelegele vilinitoka humo humo wodini! Mtoto akashtuka, akaangua kilio kikubwa, kilio cha mapafu mazima. Tangu azaliwe sikuwa nimekisikia.

"Hooyo, umemliza!" Filsan akasema, naye analia.

"Na alie!" nikamwambia. "Alie mpaka Habaswein kule mbali wasikie!"