Nafasi ya Aurore

Upepo wa Qatar hauna adabu. Haumjii mtu usoni. Humvizia ubavuni, na mwendesha baiskeli asiyejua kujificha humtupa ukingoni mwa barabara, mashindano yake yakaishia hapo. Ndiyo maana kila Februari wanawake wa mashindano ya huko walijipanga mshazari, kila mmoja akijikinga ubavuni mwa mwenzake, magurudumu karibu yagusane. Anayeacha nafasi mbele yake huwaponza wote walio nyuma. Kosa hilo halina msamaha.

Maëlle, Mfaransa aliyekwisha kuzeeka kwenye kazi hiyo ya vijana, alikuwa akiiacha.

Kwa misimu mingi mbele yake alikaa Aurore, mwenzake wa chanda na pete, mwenye mabega mapana na matusi tele. Kisha majira ya baridi ya mwaka 2012 lori likamuua Aurore mazoezini, kwao Brittany. Februari iliyofuata Maëlle alikuja Doha akaacha mbele yake nafasi ya baiskeli moja. Cha kutisha ni kwamba mle ndani hamkuwa na upepo. Alipaswa kupigwa ubavu mzima, naye alikingwa, tena alisikia kikohozi kikavu alichokijua vizuri. Lakini wafu hawana haraka. Nafasi ilipanuka, kundi likapotea mbele, na Maëlle na walio nyuma yake wakabaki na jangwa.

Sasa ilikuwa 2014. Asubuhi, mbele ya mayai na mkate, meneja wao Odile hakuzunguka mbuyu. "Ukiiacha tena leo, huu ndio msimu wako wa mwisho."

Maëlle hakujua kazi nyingine.

Nafula, Mkenya aliyeajiriwa na timu kila Februari kuwakanda miguu, alimkanda Maëlle, kisha uzalendo ukamshinda.

"Kwetu Bungoma tukishazika, siku zikifika tunanyoa nywele, ndio kila mtu ajue kilio kimeisha. Nyinyi hunyoa lini?"

"Hatunyoi."

"Aki! Sasa huyo wenu ataendaje na hamjamuaga? Muage, sista. Halafu ukae mahali pako."

Walipoupita mji wa Umm Salal upepo ukageuka. Makelele, breki, mshazari ukajipanga. Mbele ya Maëlle nafasi ikafunguka yenyewe, na ndani yake kukawa kimya. Nyuma yake alikaa Clémence, msichana mgeni wa timu, ambaye hakuwahi kumtia Aurore machoni.

"Ziba!" Odile alipiga kelele kwenye redio ya sikioni. "Maëlle, ziba!"

Maëlle alikuwa akilia waziwazi, kamasi na mchanga vimechanganyika usoni. Alimpenda Aurore kuliko alivyowahi kumwambia.

"Kwaheri," alisema kwa sauti. "Niache nifanye kazi."

Akafumba macho akakanyaga, akitarajia kugonga kitu. Hakugonga chochote. Upepo ulimzaba kofi moja la kweli, kisha akaingia kwenye kinga ya mtu aliye hai, na hapo alibaki hadi mwisho.

Alimaliza wa nne. Odile alimkumbatia na jasho lake lote. "Mwakani uko nasi," alisema, na Maëlle akacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Clémence alifika baadaye sana pamoja na walioachwa, macho mekundu. Odile alimjia juu. Kwa nini aliacha nafasi nyuma ya Maëlle? Na yeye ameambukizwa?

"Ningepita wapi?" Clémence alijibu kwa hasira. "Yeye alipoziba, yule wa mbele yake alirudi nyuma akakaa katikati yetu. Yule mwenye mabega mapana. Anakohoa tu, hataki kwenda."

Nafula, aliyekuwa akigawa maji, aliweka chupa chini.

Maëlle aliketi kwenye lami. Siku zote aliamini kwamba Aurore amebaki ili amkinge yeye. Lakini katika kazi yao anayerudi nyuma ya mwenzake ni aliyechoka, anaomba akingwe.

Alivua kofia, akafungua nywele zake zilizojaa mchanga.

"Nafula," alisema, "lete mkasi."