Kiti cha Mama Verna

Bendi ya Maghala Matupu ilikuwa imetoa albamu tano, lakini iliyopendwa ni ya kwanza tu. Waliirekodi barazani kwa Mama Verna, kusini mwa Illinois, Marekani, na nyuma ya gitaa kiti chake cha bembea kilisikika kikilia kwenye kila wimbo. Mashabiki waliusifu mlio ule, wakauita uchungu wa mkulima. Sasa kampuni ya muziki ilikuwa imempa Garland, mwana wa Mama Verna na mwimbaji wa bendi, nafasi ya mwisho: albamu ya sita isikike kama ya kwanza, la sivyo waagane.

Garland alitega maikrofoni, akamketisha mama yake, akaanza kuimba. Kiti kilibembea bila sauti yoyote.

"Mama, kiti kimepatwa na nini?"

"Nimekitia mafuta, mwanangu. Wageni wanakuja nacho kinapiga kelele, si aibu hiyo?"

Orrin, mpiga ngoma, alivua kofia kama aliyefika matangani. "Mama Verna, umetuulia mwimbaji."

"Mwimbaji si huyu hapa?"

"Huyu tumekuwa naye albamu zote tano, mama. Kiti kiliimba moja tu, na ndiyo iliyouzika."



"Mwacheni mwanangu," alisema Mama Verna, akainuka kwa hasira. Magoti yake yakalia, yote mawili, kwa mlio mrefu wa huzuni.

Garland akaiinamisha maikrofoni.

"Mama," Garland alisema kwa upole, "hebu keti, kisha uinuke tena. Na hayo magoti, tafadhali, usiyatie mafuta."