Kamati ya Kuchagua Kompyuta Pepe

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hawakumjua shemeji yangu; wangemjua wangeongeza kwamba mchagua jembe huanza kwa kuunda kamati.

Shemeji ni mume wa dada yangu mkubwa. Nyumbani namwita Shemeji, ofisini namwita Mkurugenzi, na moyoni nina jina la tatu ambalo sitaliandika hapa. Kampuni yake ya kutengeneza programu ina vyumba viwili juu ya duka la vioo. Mwandishi wa programu ni mimi peke yangu. Waliobaki wote wananisimamia.

Tulipata mteja, daktari wa meno, mama mmoja asiyependa maneno mengi. Alitaka programu ya kupanga miadi ya wagonjwa na kutunza picha za meno yao. Tatizo lilikuwa moja: mashine yake ya kupiga picha hizo ilielewana na kompyuta za zamani tu, na zetu ofisini zote ni mpya. Nikamweleza Mkurugenzi kwamba nahitaji kompyuta pepe, yaani programu inayounda kompyuta ya bandia ndani ya ile ya kweli. Ndani ya hiyo ya bandia ningeweka mfumo wa zamani kama wa daktari, nijaribu kazi yangu humo, basi.

"Niachie leo tu," nilimwambia. "Jioni itakuwa tayari."

"Mambo mazito hayaendi mbiombio," akasema. "Hili tuliundie kamati. Ila sikiliza, shemeji. Daktari akiikubali kazi yako, kitengo cha programu ni chako, utakiongoza. Akiikataa, unarudi kwenye printa."

Printa nazijua. Niliingia kampuni hiyo kuzitengeneza, na wino wake uliwahi kukaa kwenye kucha zangu hadi watu wakadhani ni rangi. Kitengo kile nilikitaka mpaka nikakiota.

Kamati ikawa na watu watatu: Mkurugenzi, Mhasibu, na meneja wa miradi tunayemwita Bwana Slaidi kwa sababu hawezi hata kuomba chai bila kuionyesha kwanza ukutani. Mimi niliachwa nje. Walisema kwa kuwa mimi ndiye nitakayeitumia hiyo programu, ningeweza kuwa na upendeleo.

Zilikuwapo programu tatu za kuchagua. Kamati ilizipa majina kwa rangi zake: ya Bluu, ya Kijani na ya Bure. Ya Bure ndiyo niliyokuwa nimeiomba, na Mhasibu aliikataa asubuhi ya kwanza.

"Rahisi huvunja upishi," alisema, naye ni mtu ambaye hunyima ofisi sabuni.

Kisha Bwana Slaidi akapata wazo la kuzipambanisha zilizobaki. Aliisakinisha ya Kijani ndani ya ya Bluu, halafu ndani ya hiyo ya Kijani akataka kuweka ya Bluu nyingine, ili ionekane nani atamshinda mwenzake. Feni ya kompyuta ililia hadi mwenye duka la vioo akapanda ngazi kuuliza kama tunasaga kitu. Kamati iliandika kwamba programu zote mbili zimeonyesha ushindani mkali. Nilicheka chooni, halafu nikakasirika huko huko chooni, kwa sababu siku ya daktari ilikuwa inakaribia na sikuwa na pa kujaribia kazi yangu.

Dawa niliipata nyumbani kwa Shemeji mwenyewe. Jumamosi nilikwenda kumsalimia dada, nikamkuta anapiga nguo pasi huku akisikiliza muziki kwenye kompyuta yao kuukuu. Pasi alikuwa anaiegesha juu ya boksi la kompyuta hiyo, na alama yake ilikuwa imeungua pale kama muhuri. Nikainama kutazama. Mfumo ulikuwa ule ule wa daktari.

"Dada, naomba niitumie hii."

"Itumie, mdogo wangu, ila usinizimie muziki."

Tangu hapo nikawa najaribu kazi yangu kwa dada kila nikitoka ofisini. Shemeji alinipita sebuleni, makaratasi ya kamati kwapani, akaniuliza kama nacheza gemu. Nikamwambia ndiyo.

Hatimaye kamati ikachagua ya Bluu, na si kwa kingine ila kwa picha ya hali. Ukiipiga picha hiyo, kompyuta pepe inakumbuka ilivyokuwa wakati huo, na ukitaka unairudisha hapo hapo. Mkurugenzi alipenda jambo hilo kama mtoto apendavyo swichi ya taa.

"Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki," alitamba. "Sasa yanazoleka!"

Akaipiga picha yake siku hiyo hiyo, kompyuta pepe ikiwa tupu. Baada ya hapo ndipo nikaruhusiwa kuweka kazi yangu humo.

Daktari akaja. Programu yangu ikafunguka vizuri, miadi ikapangika, jino la mtu likajitokeza ukutani kubwa kama kabati. Daktari akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Hapo Mkurugenzi angenyamaza tu, mambo yangeisha. Lakini akashika kipanya.

"Daktari, hujaona bado. Hii inaweza kurudi nyuma."

"Shemeji, usi..."

Kompyuta ilimwonya kwamba yote yaliyofanywa baada ya picha yatafutika. Akabonyeza ndiyo bila kusoma. Programu yangu ikatoweka, jino likatoweka, ukuta ukabaki mweupe. Daktari akachukua mkoba wake.

Niliona printa zikinisubiri. Nikampigia dada simu aniletee flashi yangu niliyoiacha kwake, ile yenye nakala ya kazi. Daktari nikamsihi anywe chai.

Dada alifika kwa teksi akihema, amekumbatia boksi zima la kompyuta, alama ya pasi juu. "Flashi sikuiona," alisema, "nimeleta na nyumba yake."

Tukaliunganisha. Programu ikafunguka, na jino likarudi ukutani. Daktari akaligonga lile boksi kwa ukucha.

"Hii ndiyo kama yangu," alisema. "Kazi nimeikubali."

Nikamgeukia Mkurugenzi. Alikuwa anafuta jasho.

"Hongera, shemeji," alisema. "Suala la kitengo tutalipeleka kwenye kamati."

Dada akamgeukia mumewe.

"Baba watoto, hiyo programu yako inayorudisha nyuma, inaweza kunifikisha siku ile nilipokubali posa yako? Kuna kitu nataka kurekebisha."

Daktari alicheka hadi chai ikampalia. Mkurugenzi akaangalia sakafu, akaangalia ukuta, akaniangalia mimi.

"Kitengo ni chako," alisema kwa sauti ndogo.

Kamati sikuivunja. Niliipa kazi moja tu, printa ya mapokezi iliyokwama karatasi. Mpaka leo wanachagua bisibisi.