Mashabiki Wawili wa Busan

Mwaka ule Sheikha alipokwenda kusoma Leeds, mama yake aligundua kwamba mtu anaweza kukaa London tangu Ijumaa mpaka Jumatatu asiutumie ulimi wake kwa lolote ila kumwambia dereva wa basi ahsante.

Mama mwenyewe akiitwa Miska, mtu wa Wete, Pemba. Alikuja Uingereza mwaka 2001 baada ya zile ghasia za uchaguzi za Januari, mjane, na binti yake huyo mmoja mkononi. Walipewa nyumba ndogo Tooting, juu ya duka la sari za Kihindi. Sheikha alikulia hapo, akafaulu, akaondoka. Miska akabaki na kazi yake ya care: kuzunguka majumbani mwa wazee, kuwaogesha, kuwapashia chakula, kuwahesabia vidonge. Wazee wenyewe wengi walikuwa na usingizi au na hasira. Hawakuwa watu wa kuzungumza nao.

Msimu wa majani kupukutika wa 2006, Justin wa ofisini akampigia simu. "Miska, kuna mzee New Malden. Mkorea. Mguu mmoja hauna nguvu na anaishi peke yake. Utaweza?"

Basi la 131 lilimfikisha karibu na mlango. Kabla hajabisha hodi alisikia kelele ndani: ngoma, filimbi, maelfu ya watu wakiimba kwa pamoja. Akadhani kakosea nyumba, hapa pana harusi. Alipofunguliwa, alimkuta mzee mmoja tu, kaegemea mkongojo, na kichwani kavaa mfuko wa plastiki wa rangi ya chungwa, umejazwa upepo na kufungwa masikioni kama kilemba.

Miska akasema moyoni, huyu kesharukwa na akili.

"Samahani," mzee akamwambia kwa Kiingereza chake cha kuchagua maneno. "Mchezo bado haujesha. Ingia, ingia."

Jina lake Bwana Pak, mzaliwa wa Busan, mji wa bandari kule kusini mwa Korea. Kelele zile zilitoka kwenye televisheni. Ilikuwa besiboli, na besiboli yenyewe haikuwa ya siku ile. Dada yake alikuwa akimrekodia mechi za timu ya mji wao na kumpostia kanda za video, naye akizitazama tena na tena, na matokeo anayajua.

"Na mfuko huu wa nini?" Miska akauliza.

"Wa taka. Uwanjani wanatugawia tukusanyie taka zetu. Sisi watu wa Busan tunauvaa kwanza, taka baadaye." Akacheka mpaka akakohoa.

Mchezo wenyewe Miska hakuuelewa. Mtu anarusha mpira, mwengine anaupiga kwa gongo au anaukosa, kisha wote wanasimama wanatema mate. Lakini watu wa jukwaani aliwaelewa tangu siku ya mwanzo. Walichana magazeti vipande virefu vyembamba, wakayashika kama mafagio na kuyapunga, uwanja mzima ukawa kama shamba la mpunga lililopata upepo. Kila mchezaji alikuwa na wimbo wake, na watu waliujua kila mmoja kwa moyo. Walikula kuku wa kukaanga na ngisi mkavu, wakaimba midomo imejaa. Mtu mzima akidaka mpira uliopotea jukwaani, watu wote walimpigia kelele "Ajura!", yaani mpe mtoto, na hawakumwachia mpaka ampe. Mbele yao, juu ya kijukwaa, alisimama kijana mwenye glavu nyeupe na filimbi, akiwaongoza kwa mikono, na uwanja uko nyuma yake.

"Huyu mbona kaupa mchezo mgongo?"

"Kazi yake si mchezo," alisema Bwana Pak. "Kazi yake ni sisi."

Siku moja waliitazama mechi ambayo Busan walikuwa wakipigwa vibaya, hata Miska asiyejua kitu aliona. Na watu wanaimba vilevile.

"Wanafungwa, na bado wanaimba?"

"Tiketi wameshakata," mzee akajibu. "Warudi nyumbani kufanya nini?"

Alimkumbuka marehemu mumewe Soud, namna alivyokuwa akirudi kutoka uwanja wa mpira wa Gombani, Pemba, sauti imemkauka, timu yake imefungwa, na furaha tele. Muda wake wa kazi ulipokwisha siku ile, hakuondoka. Na siku zilizofuata ikawa hivyo hivyo: anamaliza kazi, anavua aproni, anakaa kwenye kiti cha pili. Kiti kile kilikuwa cha mke wa Bwana Pak. Alipofariki, mzee alijifungia ndani, akaacha kwenda kanisani na kupokea simu za wenzake, mpaka wenzake nao wakachoka kupiga. Mwanawe alikuwa Vancouver.

Januari ya 2008, Miska alimkuta ameanguka jikoni, mdomo umekwenda upande. Gari la wagonjwa likaja. Miezi miwili baadaye akarudishwa nyumbani, ndani ya kiti cha magurudumu, na maneno yamemtoka. Si Kiingereza tu. Kikorea pia. Mwanawe alikuja akakaa wiki mbili, akamshika baba yake mkono, akarudi kwenye kazi yake. Miska akawa anakwenda asubuhi na jioni.

Kimya cha nyumba ile kilimshinda. Siku ya tatu akatia kanda kwenye mashine, bila ya kufikiri sana, akarudi jikoni kukoroga uji wa mchele. Kwenye televisheni mrushaji aligeuka ghafla, akatupa mpira kituo cha kwanza amkamate mkimbiaji wa upande wa pili. Uwanja wote ukapiga ukelele wa kumkaripia, "Ma!", kama mtu wa Pemba anavyosema "Wee!"

"Ma!" ikaja sauti kutoka sebuleni.

Kijiko kikamwanguka Miska. Alipotoka, alimkuta mzee kainua mkono wake mzima, macho yanang'aa. Ulipoanza wimbo wa mpigaji, akauimba. Aliuimba wote, neno kwa neno, bila ya kukwama. Kanda ilipokwisha akataka maji, na akashindwa kuyataja.

Nesi aliyekuwa akija kumwangalia mzee aliwahi kuliona jambo hilo kwa wagonjwa wengine. "Nyimbo zina chumba chao kichwani," alimwambia Miska. "Mwache aimbe."

Basi wakaimba. Kila asubuhi Miska aliokota gazeti la bure kwenye basi, wakalichana wakiwa wawili, mzee akilishika na yeye akilivuta. Alijifunza nyimbo ambazo maana zake hakuzijua. Jioni moja Sheikha alipiga simu katikati ya vurugu.

"Mum, what is that noise?"

"Besiboli. Tunafungwa."

"Nyinyi na nani?"

Miska akapunguza sauti ya televisheni. "Nitakupigia nikifika nyumbani," akasema. Alipofika akapiga, na Sheikha alikuwa keshatoka na wenziwe.

Agosti ikaja na michezo ya Olimpiki ya Beijing. Bwana Pak alimwonyesha Miska picha gazetini, akaigonga kwa kidole, akaigonga tena. Korea imefika fainali ya besiboli, itacheza na Cuba, Jumamosi. Televisheni ya mzee haikuwa na mechi hiyo. Lakini kwenye barabara ya maduka palikuwa na mkahawa wa Kikorea, na Miska alikuwa akiipita televisheni yake kubwa kila siku.

Jumamosi ilikuwa siku yake ya mapumziko. Usiku wa kuamkia siku ile alifikiri sana. Alijua kuwa akimpeleka pale, atampeleka kwa watu wake. Hilo ni jema, akajiambia. Akajigeuza upande wa pili, bado hakupata usingizi.

Walifika kabla ya adhuhuri. Mkahawa umejaa hadi mlangoni, watu na fulana nyekundu. Mwenye mkahawa, mama mmoja wa makamo aitwaye Bi Yun, alimwona mzee akapiga kelele. Alimjua! Alimjua tangu enzi za mkewe. Watu wakasogeza meza, kiti cha magurudumu kikapitishwa mpaka mbele kabisa ya televisheni. Hakuna aliyemzuia Miska kumfuata. Njia tu ilijifunga nyuma ya kiti, akabaki kusimama kando ya friji ya soda.

Mchezo ulipofika mwisho, Korea wako mbele kwa alama moja tu, na Wacuba wamejaza wakimbiaji kwenye vituo vyote vitatu; pigo moja jema na wamewapita. Mkahawa ukanyamaza, mwanamke mmoja akafunika uso. Ndipo Bwana Pak alipoanza kuimba, peke yake, kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Watu wakageuka. Mmoja akaitikia, wa pili, kisha wote, meza zikapigwa kama ngoma. Miska naye aliimba, pale pale kwenye friji. Mcuba akaupiga mpira, ukatambaa chini, Wakorea wakaudaka na kuwatoa wawili kwa mkupuo mmoja. Kwisha! Mabingwa!

Watu wakarukiana. Mwanamke asiyemjua alimkumbatia Miska kwa nguvu, kisha akamwachia, akawarudia wenziwe.

Bi Yun alimletea chai. "Wewe umeyajuaje maneno ya nyimbo zetu?"

"Kanifundisha yeye."

"Na kwake nani anazungumza naye?"

"Mimi."

"Kwa Kikorea?"

Miska akaitazama chai. Angeweza kusema lolote. "Hapana," akasema. "Kikorea hana wa kuzungumza naye." Akamwandikia Bi Yun anwani na namba ya nyumba kwenye karatasi ya kufutia mikono.

Walianza kuja wiki ile ile: vyungu vya supu, watu wa kanisani, mwalimu mstaafu wa kumfanyisha mazoezi ya kusema. Katikati ya Ramadhani, Justin akapiga simu. "Habari njema, Miska. Tumepata carer anayesema Kikorea. Wewe tunakupeleka Streatham, kwa Bi Émilienne. Mtu mpole, analala tu."

"Sawa," alisema Miska.

Jumapili baada ya Idi alikaanga visheti, akapanda basi kwenda kumwona. Alimkuta na wageni wanne. Mzee akamtazama, akamkamata mkono kwa mkono wake mzima. Midomo ikahangaika.

"Mi-su-ka," akasema.

Hakuimba. Alisema. Wageni wakapiga makofi, Miska akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Wakamkaribisha kitini, wakaonja visheti na kuvisifu, wakampa chai ya shayiri. Kisha mazungumzo yakarudi kwenye Kikorea. Mzee alijibu neno moja moja, kwa taabu, na kila neno lilishangiliwa. Miska alitabasamu wenzake walipotabasamu. Alipoaga walimshukuru sana, wote wanne wakainuka, na mlango ukafungwa taratibu.

Kituoni akampigia Sheikha. Ikapokea mashine. Miska hakuzoea kuzungumza na mashine, lakini siku ile alizungumza.

"Sheikha, mamaako hapa. Si jambo la haraka. Yule mzee wangu leo kaniita jina langu. Kaniita wazi, mwanangu, kila mtu kasikia. Anazungumza sasa, alhamdulillahi, kapata watu wake. Nilitaka tu kukwambia, maana hapa sina…"

Mashine ikalia, ikakata. Miska aliendelea kusema kidogo, kwa Kipemba, simu iko sikioni, mpaka mtu aliyesimama karibu yake akageuka kumtazama.