Pembe Mbovu ya Kulungu wa Korbinian

Mdomo wa Korbinian Atzinger ulikuwa mpana kuliko pembe zote zilizotundikwa ukumbini siku ile. Kila masika wawindaji wa lile bonde la Bavaria huleta pembe za kulungu waliowaua mwaka mzima, wenzao wazikague. Aliyeua asiyestahili kuuawa hubandikiwa doa jekundu juu ya fuvu la mnyama huyo, na watu hulikumbuka doa hilo kuliko harusi yake. Korbinian alileta kioja. Pembe ya kulia ilikuwa safi, matawi sita. Ya kushoto ilijikunja kama tangawizi. Na badala ya kukaa kimya, bwana mkubwa akapanda kitini.

Damu mbovu, alitangaza. Kulungu huyo alikuwa amezaa madume wawili, nao wako ng'ambo ya kijito. Wauawe kabla ya majani kupukutika, wasije wakaharibu kizazi cha msitu mzima. Akataka kura ipigwe palepale.

Msitu wa ng'ambo ya kijito ulilindwa na mwanamke, Walburga Reisinger, naye alikuwa ameketi pale, bia yake hajaigusa. Miaka minne amewafuata wale madume kwa darubini, tangu wananyonya, na pembe zao zimenyooka. Lakini mikono ya wanaume wale ilikuwa myepesi kuinuka kila Korbinian akiwanunulia bia. Roho ilimuuma Walburga hadi masikio yakawaka. Mjinga akipewa kiti, alijisemea, hudhani amepewa na akili.

Akauliza kwa upole pembe ile ilianza kupinda lini. Mwaka juzi, akajibu Korbinian kwa madaha. Kabla ya hapo, miaka saba mizima, alikuwa dume wa kutamanika, amemjua tangu mdogo, na kwenye mteremko ule hakuna mwingine awindaye ila yeye. Nani angethubutu?

"Kumbe damu yake ilikuwa nzuri miaka saba," Walburga akasema, "halafu ikachacha kwa msimu mmoja, kama maziwa."

Watu wakacheka chinichini.

Kosa la Korbinian lilikuwa la wapenda sifa wote wa bonde lile. Kichwa alikikata akaenda kukichemsha kwake, amejawa na furaha. Mwili, ambao haupigiwi makofi, akaupeleka kwa Walburga, mwenye chumba cha baridi ambako kila mwindaji hupeleka nyama ikatwekatwe. Sasa Walburga akatoa mfupa mfukoni akauweka mezani. Ulikuwa wa mguu wa nyuma, wa kulia, umevunjika zamani ukaunga kombo, na risasi imezama ndani. Akawaeleza wazee wazima kama anayefundisha watoto kunawa: kulungu akiumia mguu wa nyuma, pembe ya upande wa pili ndiyo inayoota vibaya, mwaka hadi mwaka. Hairithiwi. Walilijua hilo tangu ujana wao, ila bia ya bure inasahaulisha mengi.

Vitus, mwenyekiti, aliugeuza mfupa, akamtazama Korbinian. Hakuwa na haja ya kuuliza risasi ni ya nani; mwenyewe alikwisha sema hakuna mwingine awindaye kule. Mwindaji akijeruhi mnyama huita mbwa wa kufuata damu, hata kama atachekwa, na mbwa huyo bondeni ni mmoja tu, wa Walburga.

"Kulikuwa na ukungu," Korbinian akasema. "Nilidhani nimemkosa."

"Ungekuja tukaangalie. Mbwa wangu alikuwa amelala mlangoni. Uliona haya kubisha hodi kwangu, bwana, basi mnyama akachechemea miaka miwili ili wewe usichekwe."

Vitus akaitisha kura juu ya wale madume wawili. Hakuna mkono ulioinuka. Kisha akampa Korbinian lile doa jekundu, akambandikie kulungu wake mwenyewe, na Korbinian akalibandika upande.

Wenzake walimpongeza Walburga, haohao waliokuwa tayari kuinua mikono. Yeye akaurudisha mfupa mfukoni. Alikuwa amemwona yule dume mara nyingi kwa darubini, akipanda mteremko kwa kuvuta mguu, na yeye, mjuzi wa wajuzi, akajiambia ni uzee tu.