Wimbo wa Chiriku

Bendi ilifika mjini asubuhi, na kabla hata ya kushusha spika, mpiga gitaa akagundua koti lake la jukwaani limechanika begani. Akaelekezwa kwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, mwanamke wa makamo, mcheshi.

"Kaka, hili koti ulilivaa au ulipigana nalo?" fundi alimtania, akiliweka chini ya sindano.

Mpiga gitaa akacheka, akaketi kwenye benchi, masikio wazi kama kawaida yake. Nyimbo zake nyingi alizipata hivyo, safarini, kwenye foleni ya maji au dirishani kwa watu. Ila ule mmoja uliompa jina haukutoka njiani. Marehemu baba yake, naye mwanamuziki, alikuwa akiupiga mluzi kila aliponyoa ndevu. "Huu nilikutungia wewe ulipozaliwa," alimwambia.

Sasa fundi alikuwa akiuimba taratibu, midomo imefumbwa.

"Kumbe unaupenda wimbo wangu, dada."

"Wimbo wako?" Fundi hakuinua macho. "Huu mama alinibembelezea nikiwa mchanga. Aliutunga mwenyewe."

Akaendelea nao hadi kipande cha mwisho, ambacho mpiga gitaa hakuwahi kukirekodi. Baba alikuwa akikipiga nyumbani tu.

"Dada, haiwezekani!" Sauti ilimtoka juu kuliko alivyokusudia.

Nyuma ya pazia, kitanda kikalia. Kikongwe akauliza, "Chiriku? Umerudi?"

Chiriku lilikuwa jina la baba yake la jukwaani, kabla hajaoa.

Cherehani ikanyamaza. "Mama haoni siku hizi," fundi alisema. "Usimjali." Lakini sasa alikuwa akimkagua mgeni wake, paji la uso, masikio, kama anayempima kwa macho.

Mpiga gitaa akapita pazia. Mkono wa bibi ulimpapasa usoni mpaka kidevuni.

"Umechelewa," bibi alisema. "Mtoto ameshakua. Umemwona?"

Angeweza kumwambia kwamba Chiriku alishazikwa zamani.

"Nimemwona."

"Amefanana na nani?"

"Na mimi."

Fundi, aliyesimama nyuma yake, akajifunika uso kwa lile koti.

Hawakuambiana mengi. Alipokuwa akiondoka, fundi aliuliza tu, "Aliwahi kututaja?"

"Hapana," alijibu.

Jioni ile ukumbi mzima uliudai ule wimbo. Akauanza, vidole vikakwama katikati. Akaomba radhi, akapiga mwingine.

Mpaka leo hajaurudia. Fundi humpigia simu mara kwa mara, wakajuliana hali. Lakini bendi inapoingia mji mgeni, mpiga gitaa haketi tena nje kusikiliza watu. Hujifungia chumbani, redio juu, asije akamsikia mpita njia akiupiga mluzi. Baba yake alizunguka miji mingi kuliko yeye.