Michikichi Iliyokauka

"Araba, weka kalamu chini kwanza," alisema Bwana Amissah, mkurugenzi wa fedha, akiusukuma mlango kwa kisigino. "Tukiandika hasara yote mwaka huu, hisa zetu zitaporomoka. Tuigawe kidogo kidogo, mpaka miti mipya ikue."

Araba Essilfie alikuwa mhasibu wa kawaida tu katika kampuni ya mawese ambayo hisa zake ziliuzwa sokoni Accra. Majuzi alitumwa shambani, akatembea katikati ya michikichi iliyoliwa na kuvu, makuti yakining'inia kama mabawa ya kuku aliyenyeshewa. Vitabuni miti hiyo bado ilikuwa mali. Sheria iliwaachia mengi ya kuchagua: namna ya kukadiria umri wa mti, namna ya kupunguza thamani yake mwaka hadi mwaka. Ila mti uliokufa haikuwaruhusu kuuhesabu kuwa hai.

Araba akamwambia Amissah, bila kupandisha sauti, kwamba taarifa ya namna hiyo hataiandaa. Moyoni alikuwa akimfikiria mama yake, muuza kenkey, madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, huko Cape Coast, aliyetia akiba yake yote katika hisa hizo kwa kuwa binti yake alifanya kazi pale, jambo ambalo ofisi nzima ililijua.

Amissah alishusha macho kwenye rasimu ya taarifa. Jina la kwanza chini ya taarifa lilikuwa lake, na jela aliiogopa.

"Haya, andika yote. Mama yako akikufukuza nyumbani, usije kwangu."

Siku taarifa ilipotoka, Araba alikwenda kwa Ekow Turkson, dalali wa hisa aliyesoma naye, akaketi mbele ya kioo cha bei kusubiri anguko. Bei ilisimama. Kisha ikapanda pesewa chache, senti za huko.

Alidhani mashine imeharibika. Ekow akacheka, akamweleza kwamba tangu Pasaka malori ya kampuni yalikuwa yakirudi nusu tupu. Madereva walisema, wauza mafuta wakasema, na wenye hisa wakaanza kuuza polepole. Araba aliukumbuka mteremko ule wa bei. Ofisini waliulaumu udhaifu wa sidi, fedha ya Ghana.

"Hasara yenu tulishaifanyia matanga zamani, dada," alisema Ekow. "Leo tumejua tu kwamba hamfichi maiti."

Araba akakisogelea kioo. Watu wasiojuana, wasioitana kikao, kila mmoja na chembe yake ya habari, walikuwa wamepiga hesabu ileile iliyomtoa yeye jasho, wakaiweka katika tarakimu moja ndogo inayopepesa kiooni.

Alipotoka alipitia soko la Makola. Mama mmoja muuzaji alichovya kidole katika pipa la mawese, akaonja, akatulia kidogo, akataja bei. Jirani yake akaisikia, akaitaja kwa wa pili. Araba akasimama katikati ya msongamano, mkoba kifuani, akiisikiliza bei ikienda mdomo kwa mdomo, meza hadi meza, mpaka ikapotelea kule asikoweza kuona.